Theluji Isiyokanyagwa

Theluji niliyokua nikiitazama haikuwahi kusogea. Nilizaliwa Moshi, na asubuhi ambazo mawingu yalikaa pembeni, mama alitoka nje na beseni la vyombo, akainua macho na kusema, "Leo mzee kajitokeza," kisha akaendelea na kazi zake. Theluji ilikuwa kule juu kabisa mlimani, kama chokaa iliyopakwa ukutani. Tuliona ikipungua mwaka hadi mwaka, lakini kwamba inaweza kushuka na kumfuata mtu, hilo halikutupitia akilini. Kitu kilichokuwa mbali namna ile, na kimya namna ile, ungekiogopa kwa lipi?

Nayaandika haya Guangzhou, mji ambao haujui theluji. Baridi yake ni ya unyevu; nguo zinakaa kwenye kamba siku nzima na zinaanuliwa zikiwa bado zina ubichi. Nilikuja kusomea uhandisi wa miteremko, yaani kujifunza kwa nini kilima kilichotulia miaka yote huamua siku moja kuporomoka. Nyumbani niliacha barabara zinazofukiwa na udongo kila masika, na nilitaka nirudi na jibu. Theluji haikuwamo kwenye mipango yangu. Aliyenitia ndani yake ni mwanamke mmoja wa maabara yetu, aliyenitangulia katika masomo, ambaye kwa desturi ya vyuo vya hapa nilimwita dada mkubwa.

"Njoo nikuonyeshe theluji," aliniambia nilipokuwa nimechoshwa na sampuli zangu za udongo. "Udongo unafikiri kwa miaka. Theluji inafikiri kwa siku mbili. Ukimwelewa mwenye haraka, mwenye pole utamwelewa tu."

Nilikwenda naye kwenye milima ya magharibi misimu miwili ya baridi. Alinifundisha kuchimba shimo mpaka chini kwenye majani, kusawazisha upande mmoja uwe kama ukuta, kisha kuupapasa ukuta huo kutoka juu hadi chini. Theluji haianguki yote mara moja, kwa hiyo haiwi kitu kimoja. Kila dhoruba inaweka tabaka lake. Kuna tabaka ambalo ngumi inazama, lipo linalokubali vidole vinne, lingine kidole kimoja, na lingine haliingii kitu ila ncha ya penseli. Nilipoanza kumweleza rangi na kung'aa kwake, alinikatiza. "Usiniambie macho yameona nini. Niambie mkono unasema nini." Halafu akanipa lenzi yake ndogo nitazame chembe za chini kabisa, zile zilizokaa muda mrefu kwenye baridi kali. Zilikuwa kama sukari. Zilimiminika kati ya vidole, hakuna chembe iliyoshikana na mwenzake.

"Hizi," alisema, "ndizo zinazobeba mlima mzima."

Msimu wa tatu sikwenda, kwa sababu nilipangiwa kusimamia mazoezi ya wanafunzi. Yeye alikwenda. Dhoruba ilipiga, ikapita, na siku iliyofuata, mbingu ikiwa bluu tupu, alipita chini ya mteremko kwenda kusoma vipimo kwenye nguzo ya mitambo. Mteremko ukashuka. Wenzake walimfikia kwa haraka waliyoiweza, lakini theluji ikishasimama hugandana kama zege, na koleo haliingii kama unavyodhani. Wazazi wake walimleta Guangzhou, mji wao, wakamzika kwenye makaburi ya mlimani nje ya mji. Mama yake alinipa ile lenzi. Imo kwenye mfuko wa koti langu hata sasa.

Nimeanza na huyo kwa sababu bila yeye sehemu inayofuata haieleweki.

Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, anauza vitambaa. Anaishi nusu ya mwaka Guangzhou na nusu Dar es Salaam, na ukitaka kumpata mchana nenda soko la vitambaa la Zhongda, fuata sauti inayocheka kuliko zote. Anajua vitambaa kwa ncha za vidole. Atapita mbele ya duka, aguse jora moja bila kusimama, aseme, "Hii imechanganywa," na hajawahi kukosea nikiwapo. Mwaka ule alikuwa ameshonesha madira ya Idi, mzigo umeshapakiwa bandarini Huangpu na uko baharini, naye alitaka picha ziutangulie. Wateja wake Dar wawe wamekwisha kuyaona kwenye simu zao, wayaulizie, ili mzigo ukifika uwakute wanaungoja.

Ikaja sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina. Msomaji ambaye hajawahi kuwa hapa wakati huo ajue kwamba mji unafungwa kama sanduku. Viwanda vinasimama, wafanyakazi wanarudi makwao, na Zhongda, ambako siku nyingine huwezi kunyoosha mkono bila kumgusa mtu, unasikia viatu vyako mwenyewe. Wafanyabiashara wetu huwa hawana la kufanya ila kulala na kupika. Wifi hawezi kulala. Alikuja kwangu na chupa ya chai ya tangawizi, akaketi, akasema:

"Naenda kuiona theluji."

"Wapi?"

"Sichuan, kule milimani. Kuna wanafunzi wawili wanakwenda, Mkenya na Mkongo, wana kamera nzuri. Nitabeba madira mawili matatu, wananipiga picha kwenye theluji. Wifi, hebu fikiria dira jekundu kwenye weupe ule! Nani Kariakoo ana picha ya namna hiyo?"

Nilifikiria, na kweli ilikuwa nzuri. Nikamwambia, "Nenda. Ila kitu kimoja. Kabla hujatoka nje ya barabara, nipigie."

"Nikupigie nikuulize nini?"

"Unionyeshe tu."

Akanitazama kwa jicho la kuibia. "Haya bwana. Kaka yangu alisema anaoa mhandisi, kumbe kaoa askari wa geti."

Alicheka, lakini aliahidi, na ahadi zake huwa anazitimiza.

Walipofika, dhoruba iliwafuata. Theluji ilianguka usiku na mchana, na upepo haukunyamaza. Barabara ikafungwa. Walikuwa wamefikia nyumba ya wageni ya mama mmoja mzee wa kule, mwenye kuku na mbwa mkubwa mweusi, na wifi alinitumia ujumbe wa sauti akilalamika kwamba mbwa yule ana blanketi zuri kuliko lake. Nyuma ya sauti yake nilikuwa naisikia dhoruba ikikwaruza madirisha. Nilikuwa jikoni kwangu, mvua ya manyunyu ikidondoka kwenye viyoyozi vya majirani, na kila alipotuma ujumbe nilikuwa nausikiliza mara ya pili kwa ajili ya ule upepo.

Kisha asubuhi moja akanipigia kwa video. Alikuwa amevaa dira jekundu juu ya makoti mawili, amenenepa kama mto, uso umejaa furaha.

"Wifi, dhoruba imekatika! Jua hilo! Nimetimiza ahadi, nakuonyesha, halafu natoka."

Nisimame hapa kidogo, kwa maana hapa ndipo kila mtu wa kwetu angekosea, nami ningekosea kama nisingefundishwa. Sisi tumekulia kwenye mvua. Mvua ikikatika, mambo yamekwisha. Unatoka, unatazama kilichoharibika, unaanika. Jua kwetu ni ruhusa. Theluji haiko hivyo. Dhoruba inapopita inakuwa imeacha mzigo mpya juu ya mzigo wa zamani, na ule wa zamani haujapata muda wa kuuzoea. Siku ya kwanza ya jua ndiyo siku ya kukaa ndani, na ndiyo siku ambayo kila kitu kinakuita nje.

"Geuza simu," nikamwambia. "Nionyeshe mnakokwenda."

Akaigeuza. Nyuma ya nyumba, ng'ambo ya uwanja mdogo wa tambarare, kulikuwa na mteremko mpana, mweupe, usio na alama hata moja. Ulikuwa laini kama shuka lililopigwa pasi. Nikamwomba apandishe simu mpaka juu. Kwenye kilele, theluji ilikuwa imejikunja kuelekea upande wao kama ukingo wa paa, na bado kulikuwa na unga mwembamba ukipeperuka kutoka upande wa pili. Pembeni kidogo niliweza kuuona upande huo wa pili wa mlima. Ulikuwa na majani makavu na mawe, karibu uchi.

Upepo ulikuwa umeuchota weupe wote wa upande ule na kuumwaga upande huu. Upepo ni mpakiaji mbaya kuliko mawingu. Mawingu yananyunyiza kila mahali. Upepo unachukua kutoka kwenye uwanja mzima na kurundika mahali pamoja, tena unapigilia, mpaka theluji inakuwa bamba gumu linaloweza kubeba mtu. Ndiyo sababu inapendeza. Ule ulaini alioupenda wifi kwa ajili ya dira lake ulikuwa kazi ya upepo.

Nyuma yake nikasikia sauti ya mama mwenye nyumba, kavu, ikirudiarudia maneno mawili. "Bu xing. Bu xing." Yaani haifai, haiwezekani.

Wifi akacheka. "Umemsikia? Ananiambia bu xing tangu tulipoamka. Nimemwambia basi tutakwenda kidogo tu. Bu xing. Nikamwambia mpaka kwenye ule mti mdogo, hatupiti. Bu xing. Lakini naona analegea, wifi. Tutaelewana."

Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu ya kweli.

Mtu ambaye hajanunua kitu Zhongda hataelewa. Unaingia dukani, unataja bei yako, na mwenye duka, laoban, anatikisa kichwa: bu xing. Mnunuzi mgeni anaondoka. Mnunuzi mzoefu anacheka. Anavuta kiti, anasifu watoto wa laoban, anasimama kama anayeondoka, na kabla hajafika mlangoni anaitwa. Wifi yangu amejenga maisha yake juu ya kutoiamini bu xing ya kwanza, wala ya pili. Kwake neno hilo halifungi mazungumzo, ndilo linaloyafungua. Na sasa alikuwa anapatana na mlima kupitia kwa yule mama, anapunguza kidogo hapa, anaongeza kidogo pale, mpaka kwenye mti, si mpaka kwenye mti.

Nami kama ningesema hapana, ningekuwa laoban wa pili.

"Wifi," nikamwambia, "huyo mama hauzi kitu."

"Eti?"

"Hana anachokuuzia. Ukimshinda hapati hasara yeye. Hebu fanya jambo moja, halafu utaamua mwenyewe. Una vitambaa vingine kwenye sanduku?"

"Mimi nikose vitambaa!"

"Nataka bitana, ile inayoteleza. Na satini. Na kitu kizito, jinzi au kaki. Na ubao wowote, hata sinia."

Alinung'unika, lakini wifi akiambiwa kitambaa hawezi kukataa. Akaegemeza simu kwenye birika. Nilimwona akileta sinia la mbao la mwenye nyumba, naye yule mama akasogea kutazama, mikono imefichwa kwenye mikono ya koti lake.

"Tandika blanketi kwanza. Hiyo ndiyo ardhi. Juu yake weka bitana. Hiyo ni theluji ya mwanzo wa msimu, ya chini, iliyokaa kwenye baridi ikawa kama sukari. Sasa satini. Sasa kunja jinzi, iweke juu. Hiyo ni dhoruba yenu."

"Haya."

"Inua sinia upande mmoja. Polepole."

Aliinua. Hakuna kilichotokea. Akanitazama.

"Kunja nyingine, ongeza. Huo ni upepo."

Akaongeza, akainua tena. Vitambaa vilikaa pale, vizuri kabisa, kona kwa kona, kama alivyovipanga kwa mkono wake.

"Haviteremki," alisema, na sauti yake ilikuwa na ushindi kidogo.

"Haviteremki. Sasa usiinue zaidi. Bonyeza kwa kidole kimoja, hapo katikati."

Alibonyeza. Rundo lote likaondoka kwa pamoja, kimyakimya, likavuka ukingo wa sinia na kuangukia sakafuni. Blanketi tu ndilo lililobaki. Mbwa akaruka kando. Mama mwenye nyumba, ambaye hakujua neno la Kiswahili, akalitazama rundo lile sakafuni, kisha akatazama dirishani, kisha akamtazama wifi.

Wifi aliinama, akaokota bitana.

"Satini juu ya bitana," alisema mwishowe. "Hata mtoto Zhongda hapangi hivyo."

"Wewe ungejua ukigusa. Kule huwezi kugusa, imefunikwa."

"Na mimi ndiye kidole."

"Ndiyo, wifi. Karibu wote wanaofukiwa huwa wamebonyeza wenyewe, au mwenzao."

Alikuwa anaelekea kusema kitu, akageukia dirisha, na uso wake ukabadilika. "Mungu wangu. Wameshatoka."

Wale wanafunzi wawili hawakuwa wamesubiri. Walikuwa wamechukua kamera na miguu yake, wakavuka ule uwanja, na wakaanza kupanda ili wamtafutie mahali pazuri. Wifi aliinyakua simu. Nikaona dari, mlango, kisha weupe uliojaza kioo chote. Alikuwa kizingitini, anapumua kwa nguvu.

"Nawafuata."

"Usiwafuate."

"Wale watoto wa watu, wifi! Nimekuja nao kwa ajili ya madira yangu!"

"Najua. Ukiwafuata mnakuwa watatu juu yake, na hakuna wa kuchimba. Baki mlangoni. Nyumba hiyo imekingwa na mwamba, haikujengwa hapo bure. Waite."

"Nikipiga kelele si itaanguka?"

"Haianguki kwa sauti. Watu hudhani hivyo. Inaanguka kwa uzito. Piga kelele uwezavyo."

Kama kuna siku sauti ya wifi ilifaa kitu, ni siku hiyo. Aliita majina yao, akaita nchi zao, akaita mama zao. Walikuwa wamefika pale mteremko unapoanza kuwa mkali kama ngazi za nyumba, vivuli viwili vyeusi. Mmoja akageuka akapunga mkono. Sauti ya Mkenya ikaja, nyembamba lakini wazi:

"Sista, huku ni poa sana! Ni ngumu kama lami! Huzami hata kidogo!"

Nikafumba macho. "Mwambie ugumu huo ndio ubaya wenyewe, na wakisikia unalia chini ya miguu wageuke."

"Ugumu ndio ubaya!" wifi akapiga ukelele. "Rudini!"

"Wacha uoga bana! Leta nguo!"

Hapo wifi akafanya jambo ambalo nisingeweza kumfundisha. Alilivua dira. Alilivua pale mlangoni, mbele yao, akabaki na makoti, akalikunja kwa utaratibu kama mtu anayefunga duka, akaliweka kwapani.

"Nguo hakuna!" akaita. "Picha hakuna! Mtampiga nani picha, kunguru? Nimefunga!"

Kisha sauti ya Mkongo, ikiwa na kicheko cha kukerwa: "Ah non, Mama! Tumetoka mbali!"

"Nimefunga! Na mkisikia kitu kinalia chini ya miguu yenu, msisubiri mniulize!"

Niliwaona wakisimama, wakishauriana. Yule Mkongo alipiga hatua moja kando, labda kumpisha mwenzake.

Sikusikia kitu kwenye simu. Wifi naye hakusikia. Lakini wale vijana wawili waliniambia baadaye, kila mmoja kwa wakati wake na kwa maneno yanayokaribiana, kwamba ilikuwa kama mlango mzito uliofungwa ndani kabisa ya mlima. Theluji chini yao ikashuka, kidogo mno, kama kina cha kidole, na ufa ukatoka kwenye kiatu cha Mkongo ukakimbia mbele yake juu ya ule weupe kuliko ambavyo jicho lingeweza kuufuata.

Nilichoona mimi ni watu wawili ambao ghafla hawakusogea.

"Wifi, wamefanyaje?" aliniuliza. "Mbona wameganda?"

"Wameisikia. Waambie warudi kwa nyayo zao zilezile. Mmoja mmoja. Mwingine asimame amtazame mwenzake mpaka afike kwenye tambarare na aondoke chini ya mteremko. Wasikimbie. Waambie wanafanya vizuri."

Aliwaambia, na sauti yake ilikuwa imetulia, sauti ya mtu anayeongoza gari lirudi nyuma kwenye uchochoro. "Wewe kwanza, mdogo wangu. Polepole. Vizuri. Hivyohivyo. Wewe mwingine mtazame mwenzio. Vizuri, baba. Njoo." Simu ilikuwa imeshuka mkononi mwake, sikuona tena ila ncha ya kiatu chake na theluji ya kizingitini iliyochanganyika na majivu. Nilikuwa nimeishika lenzi mfukoni. Niliisikia sauti yake ikisema vizuri, vizuri, na kwa muda wote huo nilikuwa najua kwamba kutoka Guangzhou siwezi kushika koleo.

Kisha nikasikia buti kwenye mbao, na mtu akilia.

Alikuwa Mkongo. Aliketi kwenye kizingiti, viatu vimejaa theluji, analia bila kuficha uso. Mkenya alisimama nyuma yake, mkono begani kwake. Mama mwenye nyumba hakuwaambia kwamba aliwakataza. Alileta chai ya kule, yenye siagi, akampa kila mmoja bakuli, na mwisho akampa wifi, kwa mikono miwili.

Mteremko haukuanguka.

Ulikaa pale siku nzima ukiwaka jua, mzuri mno, na nyayo za watu wawili zikiishia njiani. Ulikaa hivyohivyo mpaka barabara ilipofunguliwa na basi dogo likawachukua. Picha za madira zilipigwa kwenye uwanja wa mbele wa ile nyumba, juu ya theluji iliyokanyagwa na kuku, na mteja mmoja wa Temeke aliuliza kwa nini theluji ya China ni chafu.

Wifi aliporudi alikaa kwenye kiti kilekile jikoni kwangu.

"Mlima wako haukuanguka."

"Sikusema utaanguka. Nilisema unaweza."

"Kwa hiyo hatutajua?"

"Hatutajua."

Alizungusha kikombe. "Mkenya kwenye basi alishaanza kusema mlima ulituogopa. Nikamwacha. Lakini nimeona alipolala mguu wake ulikuwa unashtukashtuka." Akakiweka kikombe chini. "Na wewe unafanya kazi gani hii, wifi, ambayo ukiifanya vizuri hakuna kitu kinachotokea?"

Nikamweleza habari za dada mkubwa, ambazo sikuwahi kumweleza zaidi ya kwamba nilifiwa na mwenzangu. Nilimweleza ngumi na vidole vinne na penseli, na kwamba hata ule mchezo wa sinia ulikuwa wake. Yeye aliufanya kwa mchele na unga. Wifi alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba aishike lenzi. Aliiweka jichoni akatazama kitambaa cha meza, muda mrefu, uzi kwa uzi.

Ramadhani ikaja ikapita, mzigo ukafika, Idi ikasherehekewa, na siku chache baadaye ikawa siku ya Wachina ya kufagia makaburi. Mwaka uliotangulia nilikwenda peke yangu na wazazi wake. Mara hii wifi alinipigia asubuhi akasema amevaa tayari.

Mlima wa makaburi ulikuwa umejaa watu chini ya miavuli. Familia zenye mifagio, maua ya manjano, miwa, na nguruwe wadogo waliookwa wakang'aa. Mama yake dada mkubwa ni mwanamke mdogo wa umbo, mwalimu mstaafu. Alifuta jiwe kwa kitambaa kilicholowa, nikamsaidia. Wifi alisimama pembeni kidogo, mtandio umefunika paji la uso, mikono imeshikana mbele. Baba alipogawa chakula, nilitaka kueleza, lakini mama alikuwa ameshauona ule mtandio. Aliondoa nyama upande mmoja, akachagua chungwa kubwa na kumpa wifi kwa mikono miwili. Wifi alilipokea kwa miwili vilevile.

Kisha akatoa kwenye mkoba kifurushi. Lilikuwa lile dira jekundu, limekunjwa kama lilivyokunjwa pale kizingitini. Mama alilipokea, na kabla hajalikunjua alilishika pembe moja, akasugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kama wanavyofanya wanunuzi wa Zhongda. Nilifungua kinywa nieleze ni kitu gani na kimetoka wapi.

Wifi akanigusa mkono. "Ngoja. Nataka nimwambie mwenyewe."

"Utamwambia kwa lugha gani? Kichina chako ni cha bei tu."

"Hichohicho."

Akasogea karibu na jiwe. Alilionyesha kwa kiganja kilichofunguliwa, kwa heshima, kisha akainua mkono uleule kuonyesha kitu kirefu na kikubwa, mlima. Alitafuta maneno yake machache. Mvua ya manyunyu ilikuwa ikigonga mwavuli wangu.

"Shan," alisema. Mlima. "Xue." Theluji, hilo alikuwa amejifunza kwa yule mama mwenye nyumba. Akagusa jiwe kwa ncha za vidole, kama anavyogusa jora. "Ta... bu xing." Yeye ndiye aliyekataza. Akajigusa kifua. "Wo... mei qu." Mimi sikwenda.

Mama alimtazama. Alimtazama muda mrefu, dira likiwa kifuani pake. Kisha akaligeukia jiwe, akainama karibu nalo kama mtu anayemwambia mtoto habari njema sikioni, akayarudia maneno ya wifi moja baada ya jingine, kwa lafudhi sahihi, ili binti yake ayasikie vizuri.